Nyuzi za Dirishani

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini dereva wa basi anayetupelekea barua hajaikalia hii kama ile ya Desemba, iliyonifikia na alama ya kikombe cha chai katikati. Mwambie barua si kisahani.

Mimi mzima. Bado niko duka la kuchapa, natengeneza kadi za harusi za watu. Wiki hii amekuja bwana harusi yuleyule wa mwaka jana, bibi harusi mwingine, maneno ya kwenye kadi yaleyale. Nikamwuliza kama tubadilishe hata rangi. Akasema hii imemzoea.

Sasa nisikilize. Kuna shindano. Wanataka uchukue takwimu za mazingira au hali ya hewa, uzichore, mtu wa kawaida aziangalie na kuelewa bila kusomeshwa. Atakayeshinda anaajiriwa na taasisi iliyoandaa, kuchora ndiyo kazi, mshahara wa kila mwezi, hakuna tena "Karibuni Nyote". Unajua chati nimejifunza mwenyewe, kwa kompyuta ya dukani, bosi akienda kula. Nikikosa hii, Dada, nitazeeka na gundi vidoleni.

Washindani wote watachora mvua. Kila mtu ana mvua. Mimi nimekumbuka likizo yako ya mwisho, uliponisimulia kuhusu nyuzi mnazofunga dirishani huko kiwandani mtu akianguka kwa joto. Ulisimulia ukicheka, na mimi nikacheka, lakini haijanitoka kichwani. Miti ilikatwa, joto likapanda, watu wakaanza kuanguka, ninyi mkaweka alama. Hiyo ni chati tayari! Mimi nitainakili tu.

Niandikie uzi upi uko wapi. Simu najua haifai, mnatumia moja chumba kizima na kila mtu anasoma ya mwenzake.

Mdogo wako,
Kitinda


14 Februari

Kitinda,

Marahaba. Tangu utotoni ukitaka kitu unaanza na mzaha, kisha unapiga magoti. Mzaha nimeuona, magoti nimeyaona.

Nimejiuliza sana kama nikujibu. Zile nyuzi si za kuonyeshwa watu. Mwisho nikawauliza wenzangu tukiwa tunakula. Mama Pacha, yule anayekaa katikati ya mstari na sauti yake inafika kote kote, akasema, "Mpe huyo mtoto. Labda wakubwa wataona aibu watuletee feni." Mwingine akamjibu, "Aibu inauzwa duka gani tukamnunulie Bwana Saa?" Bwana Saa ni meneja wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu haangalii mtu usoni, anaangalia saa yake. Tulicheka mpaka msimamizi akaja. Basi wamekubali.

Ukumbi wa kushonea ni mrefu. Upande wa jua la jioni kuna dirisha moja refu la nondo, linaanzia kwenye meza za pasi za mvuke na kuishia mlangoni. Mstari wetu umekaa chini ya dirisha hilo, kila mtu na cherehani yake. Nje palikuwa na miti mikubwa, ilikuwa ukiinua kichwa unaona majani, si jua. Wakaikata wapate pa kuegesha malori. Walikata kidogo kidogo, wakianzia upande wa pasi. Na watu wakaanza kuanguka kidogo kidogo, wakianzia upande wa pasi.

Mtu akianguka tunamnyanyua haraka kabla msimamizi hajafika. Ukiandikwa kuwa umeanguka mara mbili, ofisi inakuita mgonjwa, na mgonjwa anakabidhi mkasi wake anaenda kwao. Tukishamkalisha na kumwagia maji, anafunga uzi kwenye nondo iliyo juu ya cherehani yake, rangi ya nguo tunayoshona siku hiyo. Kazi ya uzi ni moja. Mwenye uzi hapewi zamu ya pasi. Zamu ya pasi ina malipo ya ziada, lakini pale ni tanuri. Kwa hiyo tunapangana wenyewe kwa kuangalia dirisha, na msimamizi anadhani ni uchafu wa mafundi.

Nimekuchorea dirisha lote kwenye karatasi ya pili. Buluu ni za wakati wa sare za shule. Kijani ni za mashati ya hospitali. Nyekundu ni za juzijuzi. Hizo nyekundu tatu za mwisho, karibu na mlango, ni za mama mmoja hapa mwenye kichwa kigumu, ukimwambia anywe maji anakuambia ana kazi.

Katikati, kwa Mama Pacha, acha tupu.

Na usimsomee Mama barua hii. Ataanza kuhesabu nguo zangu kwenye sanduku, akidhani nakuja.

Dada yako


22 Februari

Dada,

Shikamoo. Karatasi yako nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Mwenye nyumba ameuliza kama ni ramani ya kaburi la mtu tajiri.

Nimeshaanza. Chini nimechora visiki vya miti, vyote, kwa mpangilio wa kukatwa. Juu yake nondo. Kwenye nondo nyuzi zako zinaning'inia kwa rangi zake. Hakuna maelezo marefu. Unaanza kuangalia upande wa pasi, unakuja taratibu na macho mpaka mlangoni, na unaona kivuli kikiondoka na watu wakianguka nyuma yake. Nilimwonyesha bosi bila kumwambia ni nini. Aliifuata kwa kidole mpaka mlangoni, akasema, "Hawa ni watu, siyo?" Bosi wangu huyo, ambaye hata kilio cha mwanawe hakimwamshi!

Ila pale katikati pananisumbua. Huyo Mama Pacha ni mtu au ni chuma? Kulia kwake wameanguka, kushoto wameanguka, yeye safi. Mtu makini ataniuliza. Hebu hakikisha.

Na wewe unakaa wapi? Kwako kuna uzi?

Kitinda


2 Machi

Kitinda,

Mama Pacha mwache. Nimekuambia tupu, ni tupu. Ana watoto wawili wa kiume wanaokula kama askari waliorudi mazoezini, hana nafasi ya kuanguka. Jana alimwigiza Bwana Saa akitongoza kwa kuangalia saa, "Nakupenda, una dakika mbili," tukaharibu kola nzima kwa kucheka. Mtu huyo akinyamaza ndipo sisi tunaogopa.

Mimi unaniuliza? Sisi kwetu hatuzimii, tunasinzia tu.

Sasa jambo moja, na hili ulisome mara mbili. Wenzangu wameingiwa na wasiwasi, na mimi pia. Usiweke viti. Changanya, geuza, tia nyuzi zote kapu moja. Sema tu wameanguka wangapi kabla ya miti kukatwa na wangapi baada. Inatosha. Asijue mtu nani anakaa wapi. Watu hawa wananiamini mimi, na mimi nimekuamini wewe.

Mama anakohoa bado? Dawa nimetuma kwa dereva pamoja na barua hii. Ninakuomba umsimamie anywe zote, asizigawe kwa majirani.

Dada yako


9 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Dawa zimefika, Mama anakunywa, na jirani amenyimwa.

Kuhusu lile jambo, nimekusikia kabisa. Usiwe na hofu hata kidogo. Jina hakuna hata moja. La kiwanda hakuna, la mji hakuna, hata "Mama Pacha" sikuandika popote. Nimepitia chati yote kama mtu anayetafuta mchanga kwenye mchele. Hakuna atakayemjua mtu.

Nilijaribu kuchanganya kama ulivyosema. Zikatoka nguzo mbili, moja fupi, moja ndefu, kama kazi ya darasa la sita. Dada, haimgusi mtu! Uzi ukiwa mahali pake ndipo unaposema. Halafu sheria za shindano ziko wazi, takwimu hazibadilishwi. Ukihamisha kitu hata kidogo, ni uongo, na mimi sitaki kushinda kwa uongo kuhusu mateso yenu.

Nimeiita "Kivuli Kilikuwa Hapa". Nimeshatuma.

Mdogo wako anayekupenda,
Kitinda


20 Aprili

Dada! Dada! Dada!

Tumeshinda! Sisemi nimeshinda, nasema tumeshinda.

Wameichapa kubwa kama mlango na kuitundika kwenye ukumbi wa taasisi, mahali ambapo kila anayeingia lazima apite mbele yake. Imetoka gazetini ukurasa mzima, na kwenye mtandao wanasema imeshaonwa hata na wale wa nchi za nje wanaonunua nguo za viwanda vyetu. Nilivaa koti la bosi. Mikono ilikuwa mirefu, nikawa napeana mikono na watu nikiwa nimekunja vidole.

Nikuambie walivyosema majaji. Mmoja, mama mtu mzima, alisimama mbele ya zile nyekundu tatu karibu na mlango akashindwa kuendelea. Alisema, "Huyu alirudi kukaa palepale mara tatu." Alifuta machozi mbele ya watu wote. Mwingine, mzee wa miwani, alisema kilichomshika ni lile pengo katikati. Aliligusa kwa kidole. "Hapa kuna mtu amesimama imara," akasema. Gazeti limeyaandika maneno hayo chini ya picha. Mwambie Mama Pacha amekuwa mtu maarufu, aanze kudai malipo ya picha.

Kazi naanza mwezi ujao. Mama amecheza chumbani akiwa na kanga kichwani, kikohozi na vyote. Sasa mzigo wa dawa zake ni wangu, Dada, wewe umebeba vya kutosha.

Lakini mbona huandiki? Barua ya Machi hujaijibu. Au dereva anazikusanya atengeneze mto?

Kitinda, mshindi


6 Mei

Kitinda,

Hongera sana. Mungu akubariki kwenye kazi yako mpya. Gazeti lilifika hapa kabla ya barua yako.

Nimebadilisha chumba. Barua zako usipeleke bwenini tena, mpe dereva aziache kwa fundi viatu aliye mbele ya lango la kiwanda. Yeye ananiona kila siku.

Mimi sijambo. Siku hizi napata kukaa nje kidogo, na maji nakunywa.

Mama usimwambie mengi. Mwambie nimemsalimu.

Dada yako


15 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako fupi, lakini nimeisoma na furaha yangu yote. Unakaa nje, unakunywa maji, umehama bweni! Umeona? Aibu imepatikana dukani, na Bwana Saa amenunua. Nilijua. Nilimwambia kila mtu hapa kazini kwamba chati inaweza kufungua dirisha.

Nina meza yangu mwenyewe na kiti kinachozunguka. Siku ya kwanza nilizunguka mpaka mkuu wa idara akakohoa.

Wananitaka nifanye sehemu ya pili. Swali lao ni hili, baada ya chati kumetokea nini? Wanataka kulinganisha. Kwa hiyo niandikie kama wameleta feni, na kama wamepanda miti, na kama kuna nyuzi mpya. Natumaini hakuna, au ni chache. Hata pakiwa patupu kabisa nitapachora. Patupu napo ni jibu.

Halafu bado hujaniambia unakaa wapi kwenye mstari. Nataka nikuweke nukta ndogo ya siri, nijue mimi peke yangu.

Mdogo wako,
Kitinda


30 Mei

Kitinda,

Umeuliza baada ya chati kumetokea nini. Nakujibu, kwa kuwa sasa hiyo ndiyo kazi yako.

Bwana Saa alikuja ukumbini na gazeti. Siku hiyo hakuangalia saa. Alianzia kwenye pasi, akaja taratibu, kama ulivyosema macho yaje. Juu ya kila cherehani alisimama, akaangalia gazeti, akaangalia nondo, akaangalia mtu. Nimefanya kazi chini yake miaka yote hiyo na ndiyo mara ya kwanza kumwona akituangalia usoni. Nyuma yake karani wa ofisi ya watumishi alikuwa anaandika. Jina hakulihitaji, Kitinda. Alihitaji kiti, na kiti ulimpa wewe. Nilikuandikia usome mara mbili.

Wenye nyuzi wote tuliitwa wagonjwa siku ileile, tukakabidhi mikasi. Ndiyo, nimeandika "tuliitwa". Nyekundu tatu karibu na mlango ni zangu. Yule mama mwenye kichwa kigumu ni mimi. Nilikuficha kwa sababu ungemwambia Mama, naye angetaka nirudi, na nikirudi dawa anazipata wapi? Huyo jaji aliyelia, alinililia mimi. Mwambie asante, ila sasa sikai tena palepale.

Hayo ya kukaa nje ni haya. Nauza maji mbele ya lango, ubavuni mwa fundi viatu. Bwenini hawalazi asiye fundi wao. Nawauzia maji waliobaki ndani, wanapopewa ruhusa ya kutoka.

Feni hazikuja. Dirisha wamelifunga kwa mabati, lote, kutoka pasi hadi mlangoni, nyuzi zikiwa humohumo ndani, ili asije mpiga picha. Kwa hiyo kivuli kimerudi, unaweza kuwaandikia wakuu wako. Upepo ndio hakuna.

Mpaka hapo ningemeza, Kitinda. Ningelia peke yangu, ningekutukana kimoyomoyo, kisha ningekusamehe, maana nilikubeba mgongoni na nakujua. Lakini kuna Mama Pacha.

Walipotuondoa sisi, walihitaji watu wa pasi. Bwana Saa hakupata shida ya kuchagua. Alichagua kwa gazeti. Alisimama mbele ya Mama Pacha akamsomea yale maneno ya mzee wako wa miwani. "Hapa kuna mtu amesimama imara." Akamweka kwenye pasi, zamu zote, kila siku. Mama Pacha akamwambia, "Na kiti changu nikiache na ulinzi, ni cha mtu maarufu." Watu walicheka. Nimesimuliwa, mimi nilikuwa tayari nje.

Alikuwa ameanguka, Kitinda. Si mara moja. Alianguka kabla yangu. Uzi aliukataa, kwa sababu mwenye uzi hapewi pasi, na ile ziada ya pasi ndiyo ilikuwa inawalisha wanawe. Alituomba tusimfungie, tukakubali. Badala ya uzi tulikuwa tunamsikiliza. Ulimi wake ukiwa unafanya kazi, tunajua yuko salama. Akianza kunyamaza, mtu anainuka anachukua pasi mkononi mwake bila kusema kitu, na yeye anakwenda kukaa. Ndivyo tulivyomlinda. Hakuna mahali palipoandikwa, na wewe usingeweza kupachora.

Uliniambia nihakikishe. Nilikujibu ni tupu, nikaongeza na mzaha. Hilo ni langu, sikutwishi wewe. Wewe una la kwako.

Jumanne alinyamaza. Waliokuwa wanajua maana ya kunyamaza kwake walikuwa wote nje ya lango pamoja nami. Wale wapya walidhani leo amechoka kuwachekesha. Akaendelea kupiga pasi kimya, shuka moja, jingine, mpaka akaenda chini na pasi yake ikaanguka juu yake.

Walimtoa kwa lango ninalokaa. Nilimmwagia maji yote niliyokuwa nauza, ndoo nzima. Nilimwita, nikamtania, nikamwambia una dakika mbili. Hakuamka. Mimi nilidhani najua huzuni, Kitinda, sikuwa naijua. Wanawe wamechukuliwa na shangazi yao. Wanauliza mama yao amehamishiwa kiwanda gani.

Usinitumie pesa za kazi yako mpya. Usije, angalau kwa sasa. Sijui nitakuangalia kwa jicho gani, na sitaki kujaribu mbele ya lango hili. Mama endelea kumpa dawa.

Uliomba nyuzi mpya. Ninao mmoja. Siku hiyo walikuwa wanashona mashuka meupe ya hoteli, nikamwomba msichana mmoja wa mstari anichomolee. Nimeukunja ndani ya karatasi hii, uangalie usiudondoshe unapofungua. Sina tena dirisha la kuufunga, lakini ninyi mnalo, kubwa kama mlango. Nenda pale katikati, pale alipogusa yule mzee kwa kidole, uufunge kwa mkono wako. Wakikuambia takwimu hazibadilishwi, waambie aliyekaa hapo alianguka.

Dada yako